Tundu la Sindano: Kudarizi na Macho ya Miaka Arobaini

Saa kumi jioni, mvua ikiwa imekatika na majani ya migomba yangali yakidondosha maji, ni saa njema ya kudarizi katika vijiji vya Muleba na Bukoba. Kazi za shamba zimepungua, chungu cha chakula cha usiku hakijapanda mafigani, na mwanga wa barazani bado ni mweupe. Mwanamke huketi juu ya mkeka, mgongo ukiegemea ukuta, akatoa mfukoni kitambaa kilichobanwa kwenye fremu ya duara, nyuzi za rangi na sindano. Huanzia pale alipoachia jana: jani la ua jekundu, au herufi ya tatu ya neno "Karibu". Kwa muda huo hasemi sana wala hasemeshwi sana. Mkono hupanda na kushuka, na ua huongezeka kidogo kidogo.

Kazi hiyo haiingizi fedha, au huingiza kidogo sana. Kitambaa kitafunika mgongo wa kochi sebuleni. Foronya itaandaliwa kwa ajili ya binti anayekaribia kuolewa. Shuka litatunzwa sandukuni lisubiri mgeni wa heshima. Anayedarizi hudarizi kwa kuwa anapenda. Katika siku iliyojaa kupalilia kibanja, kuchota maji, kumenya ndizi na kuhudumia wengine, saa hiyo moja ni yake.

Kisha, mahali fulani kati ya mwaka wa arobaini na wa hamsini wa maisha, hufika jioni ambayo uzi hautaki kuingia. Mama huilowesha ncha ya uzi kwa mate, akaisokota kwa vidole, akainua sindano juu kuelekea mwanga, akanyoosha mikono mbali na uso. Tundu ambalo zamani lilikuwa wazi sasa ni kivuli. Humwita mtoto wake wa mwisho, naye hutunga uzi mara moja na kurudi mchezoni. Juma linalofuata humwita mara tatu. Baadaye mtoto yuko shuleni, na mfuko wa nyuzi hauguswi. Mwaka ukipita, mfuko umekwenda chini kabisa ya sanduku. Akiulizwa sababu, mama hujibu kwa neno moja: uzee.

Neno hilo ndilo linalohitaji kutazamwa upya. Kilichompata ni badiliko la kawaida la jicho ambalo humfikia kila binadamu, tajiri na maskini, msomi na asiyesoma, na ambalo kwa watu wengi hurekebishwa kwa miwani nyepesi ya kuonea karibu. Lakini ni nadra mtu kwenda hospitali kulalamika kwamba hawezi tena kudarizi ua. Hivyo starehe hiyo hufa kimyakimya, na pamoja nayo hupotea nafasi ya kugundua mapema magonjwa mengine ya macho ambayo, tofauti na badiliko hili, hupofusha.

Sindano katika nyumba za Kagera

Mikono ya watu wa Kagera ilizoea kazi za ustadi kabla ya nyuzi za dukani kufika. Wahaya walivaa lubugo, nguo ya gome la mti lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa laini. Walisuka mikeka, na walisuka vikapu vidogo vyenye msuko wa karibu sana, ambamo buni zilizochemshwa na kukaushwa zilihifadhiwa ili mgeni atafune kama ishara ya kukaribishwa. Vidole na macho vilijifunza mapema kushirikiana.

Uzi wa pamba na sindano ya chuma vilienea kwa njia ya biashara na ya misheni. Misheni ya Kikatoliki ya Kashozi, karibu na Bukoba, ilianzishwa mwaka 1892. Katika miongo iliyofuata ushonaji ukawa sehemu ya elimu ya wasichana katika shule za misheni, na baada ya uhuru mafunzo ya namna hiyo yakaendelea katika somo la sayansi kimu na katika vikundi vya akina mama. Ndiyo maana, katika sebule za Kamachumu, Nshamba au Kashai, mgeni hukutana na vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, na foronya zinazomtakia usingizi mwema.

Desturi hii ina ndugu zake mbali na ziwa. Zanzibar na Lamu, kofia za viua hudariziwa kwa mkono, kitundu baada ya kitundu, na kofia moja nzuri huweza kuchukua majuma mengi kukamilika. Omani, kofia ya jamii hiyo huitwa kumma na ni sehemu ya vazi la kila siku la wanaume. Kote huko, kazi hutegemea jambo lilelile: jicho linaloona wazi kitu kidogo kilichoko umbali wa mkono uliokunjwa.

Kagera, sindano imebeba pia mzigo mzito. Mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, bibi wengi waliozika watoto wao walianza upya kulea wajukuu. Pamoja na jembe na chungu, walirudi kushika sindano: kushikiza kifungo cha sare, kuziba tundu la sweta, kushusha pindo la sketi ya mtoto aliyerefuka. Wengi wao walikuwa katika umri uleule ambao jicho hukataa kuona karibu. Kwa bibi wa namna hiyo, kutunga uzi ni sehemu ya kumpeleka mtoto shuleni akiwa nadhifu.

Starehe si anasa

Mhudumu wa afya aliyezidiwa na foleni anaweza kudhani kwamba kudarizi ni jambo dogo lisilohusu kliniki. Historia ya tiba inasema vingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na baada yake, askari majeruhi huko Uingereza na Australia walifundishwa kudarizi wakiwa katika kupona, ili mikono irudie utulivu na akili ipate mahali pa kupumzika. Fani inayoitwa leo tiba kwa vitendo, ambayo humsaidia mgonjwa kurudia shughuli zenye maana kwake, ilikua katika mazingira hayo.

Mwaka 2013 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya maswali waliyoyauliza watu zaidi ya 3,500 wanaofuma kwa sindano, kutoka nchi mbalimbali. Wale waliofuma mara kwa mara zaidi ndio pia waliosema kwamba hujisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Utafiti wa maswali hauthibitishi kwamba kufuma ndiko kunakoleta furaha. Huenda wenye utulivu ndio wanaopata muda wa kufuma. Hata hivyo, unakubaliana na yale ambayo wanaodarizi huyasema wenyewe: kazi yenye mpangilio unaojirudia hutuliza, kitu kinachokamilika hutia moyo, na baraza la wanaodarizi pamoja huwa mahali pa kusemea yale yasiyosemeka kwingine.

Kutokana na hilo, daktari na muuguzi wanaweza kujifunza jambo moja la kitabibu. Mtu anapoacha shughuli aliyoipenda, kuna sababu, na mara nyingi sababu hiyo iko katika moja ya sehemu tatu: macho, mikono au moyo. Macho huenda yameshindwa kuona karibu. Mikono huenda imekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, au vidole hufa ganzi usiku kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Na moyo huenda umechoka: kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu ni mojawapo ya dalili kuu za sonona. Neno "uzee" hufunika zote tatu, na zote tatu zina msaada.

Kinachotokea ndani ya jicho

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi ndogo iliyo angavu, iliyoning'inizwa kwa nyuzi laini kutoka kwenye msuli wa duara. Jicho linapotazama mbali, lenzi huwa bapa. Linapotazama karibu, msuli hujikaza, nyuzi hulegea, na lenzi hutuna ili picha ya kitu kilicho karibu ikae wazi nyuma ya jicho. Kazi hiyo hufanyika mara nyingi kila siku bila mtu kujua.

Lakini lenzi huendelea kukua na kukakamaa katika maisha yote. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona wazi kitu kilicho umbali wa sentimeta 7 hivi kutoka jichoni. Kufikia miaka 40 umbali huo huwa sentimeta 20 hivi. Kufikia miaka 50 hukaribia nusu mita, na baada ya miaka 60 hufika takriban mita moja. Kudarizi kwa raha kunahitaji kazi iwe umbali wa sentimeta 30 hadi 40. Isitoshe, jicho halistareheki likitumia nguvu zake zote. Kama mbeba mzigo, linahitaji akiba. Kwa sababu hiyo matatizo huanza mapema kuliko hesabu inavyoonyesha: paji la uso kuuma baada ya kazi, herufi kucheza, na haja ya kuusogeza mkono mbali. Mwishowe, kama wengi wanavyosema kwa utani, mkono huwa mfupi.

Wataalamu huita hali hii presibiopia. Huambatana na badiliko la pili, la mwanga. Umri unavyosonga, mboni hupungua upana na lenzi huelekea rangi ya manjano, hata mtu wa miaka 60 hupata nyuma ya jicho takriban theluthi tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Ndiyo sababu mama huhama chumbani na kukimbilia mlangoni, na ndiyo sababu uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi humshinda kabla ya uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe.

Inafaa kusisitiza kwamba kudarizi hakuleti hali hii. Asiyewahi kushika sindano huipata katika umri uleule, ila huigundua kwa njia nyingine: kwenye ujumbe wa simu, kwenye kijitabu cha nyimbo au msahafu, kwenye mawe madogo ya mchele, au msimu wa senene, anapokuwa akinyonyoa mabawa na miguu. Sindano humtangulia kutoa habari kwa kuwa tundu lake ni dogo kuliko vitu vingi vya nyumbani.

Walio gizani mchana

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uoni, iliyotolewa mwaka 2019, ilikadiria kwamba watu bilioni 1.8 duniani wana presibiopia, na kwamba milioni 826 kati yao hawana miwani inayowafaa. Tanzania imechangia mapema katika ujuzi huo. Utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwakuta watu wapatao 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wakiwa na hali hii. Utafiti wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta karibu 9 kati ya 10, huku waliokuwa na miwani ya kuwatosha wakiwa chini ya mmoja kati ya watano.

Faida ya miwani hiyo imepimwa. Nchini India, katika mashamba ya chai ya jimbo la Assam, wachumaji wenye miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 21 kuliko wenzao ambao hawakuwa wamepewa bado. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kipato cha waliopewa miwani, miongoni mwao mafundi wa kushona, kilipanda kwa takriban theluthi moja. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango uitwao SPECS 2030 ili kuzisaidia nchi kuwafikishia watu miwani.

Takwimu hizo hupima kilo za chai na fedha. Hazipimi ile saa moja ya jioni barazani. Lakini jicho linalochuma chai ndilo linalodarizi, na miwani ni ileile.

Miwani na hofu zake

Miwani ya kuonea karibu huchaguliwa kwa kupimwa, ingawa umri hutoa mwanga wa awali. Kwa mtu ambaye macho yake huona vizuri mbali, nguvu inayohitajika huwa takriban +1.00 katika miaka ya mwanzo ya arobaini, +1.50 anapokaribia hamsini, +2.00 anapovuka hamsini, na +2.50 anapokaribia sitini. Ni nadra mtu kuhitaji zaidi ya +3.00. Kwa kuwa lenzi huendelea kukakamaa, nguvu hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka michache mpaka ifikie kikomo chake.

Hofu ya kwanza inayosikika vijijini ni kwamba miwani "huharibu macho", kwa sababu aliyeianza hawezi tena kuiacha. Ukweli ni kwamba lenzi ingeendelea kukakamaa hata bila miwani. Aliyeonja kuona vizuri hutambua tu ni kiasi gani alikuwa haoni. Hofu ya pili ni kwamba miwani ni ya wasomi, na mwanamke wa kijijini akiivaa atachekwa. Hofu hiyo haiponi kwa dawa, bali kwa kuona wenzake wakivaa. Mwanakikundi mmoja anayedarizi na miwani yake barazani hufundisha kuliko mabango kumi.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuazima miwani ya jirani au kununua gulioni yoyote inayoonekana kufaa. Miwani yenye nguvu isiyofaa haipofushi, lakini huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kukata tamaa, na mama hurudi kusema miwani haimfai. Hasara kubwa zaidi ni kwamba aliyenunua gulioni hakuchunguzwa macho yenyewe.

Anayekwenda kupimwa afanye jambo moja dogo: abebe kazi yake. Fremu, uzi na sindano vikiwa mkononi, mpimaji ataona mama anashika kazi umbali gani kutoka usoni, naye atachagua nguvu inayolingana na umbali huo, badala ya kukadiria kwa karatasi ya herufi peke yake. Mtu asiyeona mbali tangu ujana, ambaye huvaa miwani ya kuonea mbali, huenda akagundua kwamba hudarizi vizuri zaidi akiivua. Hilo ni la kawaida wala si muujiza.

Si kila ukungu ni umri

Hapa ndipo tundu la sindano linapokuwa na thamani ya kitabibu. Presibiopia huja polepole, katika macho yote mawili kwa pamoja, baada ya miaka 40 hivi, na huacha uoni wa mbali ukiwa salama. Chochote kinachokwenda kinyume cha maelezo hayo kinahitaji uchunguzi.

Mtoto wa jicho ni mfano wa kwanza, nao una hila yake. Bibi wa miaka 65 ambaye kwa miaka mingi alitegemea miwani huamka siku moja na kugundua kwamba anatunga uzi bila miwani. Jamaa husherehekea, wakisema amerudishiwa macho ya ujana. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini cha lenzi kimekuwa kigumu na kizito, kikaanza kulifanya jicho lione karibu na kusahau mbali. Ni hatua ya mtoto wa jicho, na baada ya muda ukungu utafunika karibu na mbali pia. Habari njema ni kwamba upasuaji huondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya kutengenezwa.

Mfano wa pili ni kisukari. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi hubadilika, na mtu huona vizuri juma hili na vibaya juma lijalo. Miwani ikinunuliwa wakati sukari haijatulia, haitafaa sukari ikitulia. Aidha, kila mwenye kisukari anahitaji kuchunguzwa sehemu ya nyuma ya jicho mara moja kila mwaka hata kama anadarizi bila shida.

Mfano wa tatu ni glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo kubwa ndani yake. Huanza kula uoni wa pembeni na kuuacha wa katikati, kwa hiyo mgonjwa anaweza kutunga uzi kwa urahisi huku akigonga bega kwenye mlango. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki huweza kulindwa. Aliye na miaka zaidi ya 40, hasa akiwa na mzazi au ndugu aliyepofuka kwa glakoma, achunguzwe kabla hajakabidhiwa miwani ya kuonea karibu na kuambiwa aende zake.

Zipo pia dalili zinazotaka safari ya siku hiyohiyo: jicho moja kupoteza uoni ghafla, jicho jekundu lenye maumivu makali, kuona mwangaza wa radi au pazia jeusi, au jicho lililochomwa na sindano yenyewe. Katika hali zote hizo, dawa za majani, maziwa ya mama na matone ya jirani visiwekwe jichoni.

Swali moja kwenye zahanati

Katika zahanati ya kijiji, mpimaji wa macho huenda hayupo, lakini swali haligharimu kitu. Mama aliyekuja kupimwa shinikizo la damu, au bibi aliyemleta mjukuu kuchanjwa, anaweza kuulizwa hivi: "Mama, siku hizi unatunga uzi kwenye sindano mwenyewe?" Jibu la mara nyingi huja na kicheko: "Aa, mwanangu, hiyo nimewaachia watoto." Kicheko hicho kisiwe mwisho wa mazungumzo.

Hatua zinazofuata si ngumu. Kwanza, uoni wa mbali upimwe kwa ubao wa herufi, kila jicho peke yake. Asiyefika mstari wa 6/12 atazamwe tena kupitia karatasi iliyotobolewa kitundu cha takriban milimita moja. Akiona vizuri zaidi kupitia kitundu, huenda anahitaji miwani ya mbali. Asipoona vizuri zaidi, jicho lenyewe huenda lina ugonjwa. Kwa vyovyote, huyo apewe rufaa. Pili, uoni wa karibu upimwe kwa kadi ya herufi ndogo ikishikwa umbali wa sentimeta 40. Kwa asiyejua kusoma hutumika kadi ya alama, na kama kadi haipo kabisa, uzi na sindano hutoa fununu. Tatu, aulizwe kuhusu kisukari, glakoma katika ukoo, maumivu na mabadiliko ya ghafla.

Kwa mkazi wa Muleba, hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage ni mahali pa kuanzia kuulizia siku za kliniki ya macho. Kwa mkazi wa Bukoba, ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Yanayohitaji bingwa zaidi hupelekwa Bugando, Mwanza. Kwa wanaotoka visiwani, kama Bumbire, ambako safari hutegemea ziwa na hali ya hewa, ni vema kuuliza siku ya kliniki kabla ya kupanda boti.

Kudarizi bila kuumia

Aliyekwisha kupata miwani hufaidika zaidi akibadili mazoea machache. Akae na mwanga ukitokea upande wa pili wa mkono unaoshika sindano, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Usiku, taa ndogo ya sola iliyoelekezwa kwenye kitambaa hufaa kuliko taa kubwa iliyo mbali. Atungie uzi dhidi ya mandhari tofauti: karatasi nyeupe nyuma ya sindano kwa uzi mweusi, kitambaa cheusi kwa uzi mweupe. Ncha ya uzi ikatwe kwa mshazari kwa mkasi mkali. Sindano kadhaa zikitungwa nyuzi mchana, jioni hubaki ya kudarizi tu.

Kila baada ya dakika 20 hivi, macho yainuliwe yatazame mbali, ng'ambo ya migomba, kwa muda wa kuhesabu polepole hadi ishirini. Jicho linalokaza kuangalia karibu husahau kupepesa, likakauka na kuwasha. Mgongo uegemee kitu, kazi iinuliwe kwa mto mapajani badala ya shingo kuinamishwa, na vidole vinyooshwe kabla havijafa ganzi. Subana kwenye kidole cha kati hulinda ngozi, hasa ya mwenye kisukari, ambaye kidonda kidogo humchukulia muda mrefu kupona. Na sindano irudishwe kwenye kitambaa chake, isiachwe mkekani watoto wanapotambaa.

Hakuna linalotakiwa hapa ambalo ni gumu au geni. Presibiopia itaendelea kuwafikia wote, na mikono itaendelea kuwa mifupi. Tofauti iko kati ya nyumba ambamo mfuko wa nyuzi umelala chini ya sanduku kwa sababu mtu alisema "uzee", na nyumba ambamo mtu aliuliza swali moja, akaambatana na mama yake kwenye kliniki, akarudi naye na miwani. Katika nyumba hiyo ya pili, mvua ikishakatika saa kumi jioni, mtoto wa mwisho anaweza kuendelea na mchezo wake. Hakuna aliyemwita.